Kunde: usizimwage zote sokoni wakati wa mavuno

Ndugu zangu wa Kwimba, Magu na Misungwi, mavuno yakitoka kila mtu anakimbilia mnadani na bei inalala. Kunde zina soko pana. Nigeria inaongoza kuzilima duniani na bado inanunua za jirani zake Niger. Ila punje yenye matundu hainunuliki, na fukusi huanzia shambani.

Anika vizuri, kisha tia konzi ya kunde na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, kunde bado zina unyevu, zirudishe juani. Isipoganda, jaza mfuko wa tabaka tatu, kamua hewa, funga kila tabaka kivyake. Usichunguliechungulie! Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa.

Majani ya kunde kausheni pia, nsansa (majani yake makavu) ina wateja mjini.