SOMO: Kulisaka badiliko lililoharibu kerneli yako ya Linux kwa git bisect

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Nimepandisha kerneli, laptopu ikilala haiamki, nifanyeje?" Jibu ni lile lile, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena namtupia kiungo.

Tunazungumzia hitilafu ya aina moja tu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux: kitu kilikuwa kinafanya kazi kwenye toleo la zamani, kwenye jipya kimekufa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana msimamo mkali juu ya hizi, na ukileta ushahidi unasikilizwa. Ushahidi wenyewe ni badiliko moja lililoleta balaa. Kati ya matoleo mawili makubwa yanayofuatana huwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi, ila bisect (amri ya git, programu inayotunza historia ya msimbo) inakata katikati kila mara: jaribu la katikati, sema zima au bovu, nusu inatupwa. Mabadiliko 16,000 yanaisha kwa majaribio 14 hivi. Huhitaji kujua C, lugha iliyoandikia kerneli.

1. Sakinisha gcc, make, flex, bison, na maktaba za kuendelezea za OpenSSL na elfutils.

2. Zima Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa kuwasha kerneli isiyo na saini. Kerneli uliyoijenga mwenyewe haina saini inayotambulika.

3. `cat /proc/sys/kernel/tainted` itoe 0, yaani kerneli haijachafuliwa. Kama kuna draiva isiyo huria, iondoe kwanza.

4. Vuta hazina ya Torvalds kutoka git.kernel.org, nzima. Usiweke `--depth 1`, bisect bila historia haina pa kutembea. Kisha jenga toleo jipya kabisa ulijaribu (mipangilio iko hatua ya 5, mstari wa kujenga hatua ya 7). Huenda wameshalirekebisha na umeokoa usiku wako.

5. Ukiwa ndani ya kerneli inayofanya kazi, chomeka kila unachotumia (flashi, kamera, kila kitu), halafu `make localmodconfig`. Amri hii hutupa moduli (vipande vya kerneli, kama draiva) ambazo hazijapakiwa wakati huo, na ujenzi unakuwa mwepesi mno. Hifadhi nakala: `cp .config ~/msingi.config`. Jenga toleo zima kwa mipangilio hiyo uhakikishe bado ni zima.

6. Anza:

```
git bisect start
git bisect good v6.8
git bisect bad v6.9
```

7. Jenga, kila raundi, kwa mstari huu:

```
cp ~/msingi.config .config && make olddefconfig && make -j$(nproc) && sudo make modules_install && sudo make install
```

Hizo `&&` si mapambo. Kimoja kikifeli, kilichobaki kisiendelee.

8. Washa upya, na KABLA ya kujaribu chochote hakikisha umo ndani ya kerneli uliyoijenga sasa hivi. Hapa ndipo nilipoumia. Raundi ya tano, saa nane usiku, nilikuwa natumia `;` badala ya `&&`. `/boot` ilikuwa imejaa, usakinishaji ukafia njiani, GRUB (programu inayochagua kerneli ya kuwasha) ikaniwashia ya zamani kimya kimya. Laptopu ikalala, ikaamka vizuri, nami nikaandika `git bisect good` kwa furaha. Raundi ya sita nikauona ujumbe wa kujaa, nikafuta kerneli za zamani, nikaendelea bila kujiuliza raundi ya tano nilijaribu nini. Kuanzia hapo nikapata "bad" tisa mfululizo, na mwisho git ikanionyesha mhalifu: mtu aliyesahihisha tahajia kwenye faili la maelezo. Maelezo hayazuii laptopu kuamka.

Kwa hiyo linganisha hivi viwili:

```
uname -r
git rev-parse --short=12 HEAD
```

Mkia wa cha kwanza, baada ya herufi g, uwe sawa na cha pili. Usipouona mkia huo kabisa, washa CONFIG_LOCALVERSION_AUTO kwenye msingi.config. Onyo la pili: GRUB kwa kawaida hutanguliza namba kubwa ya toleo, na kerneli yako ya katikati inaweza kuwa na namba ndogo. Chagua kwa mkono kwenye menyu. Onyo la tatu: majibu ya mwisho yakifuatana yote "bad", ishuku ile "good" ya mwisho kabla yake. Kinyume chake vilevile. Jibu moja la uongo linatosha kukupeleka kwa mtu asiye na hatia.

Isiyojengeka au isiyowaka kwa sababu nyingine, ni `git bisect skip`. Usikisie.

9. Git ikitaja badiliko, rudi kwenye toleo bovu, fanya `git revert` ya badiliko hilo (kulitengua), jenga, jaribu. Ikipona, umempata. `scripts/get_maintainer.pl` itakupa wa kumwandikia. Nakala peleka regressions@lists.linux.dev. Barua iwe maandishi matupu, si HTML.

MASWALI

mgeni_mpya: Mkuu nimefuata hatua zote lakini haifanyi kazi. Msaada tafadhali.

Mwandishi: Nini haifanyi kazi? Haijengeki, haiwaki, au haiamki? `uname -r` inasema nini?

mgeni_mpya: Hiyo uname sijaiona kwenye somo.

Mwandishi: Hatua ya 8. Ndiyo ndefu kuliko zote.

panya_wa_terminali: Mimi ujenzi unakwama, inalalamika haina `debian/canonical-certs.pem`.

Mwandishi: Swali zuri, ningeliweka kwenye somo. Mipangilio ya distro yako (mkusanyiko wa Linux unaotumia) inataja vyeti ambavyo havimo kwenye hazina hii. Tumia `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`, na vivyo hivyo SYSTEM_REVOCATION_KEYS. Kisha hifadhi tena msingi.config, la sivyo raundi ijayo unarudi pale pale.

kasi_tu: Mzunguko wote huu wa nini? Si urudi tu kerneli ya zamani umalize kazi.

Mwandishi: Rudi. Marekebisho ya usalama ya toleo hilo yakikoma, utapanda tena, na hitilafu itakuwa inakusubiri kwa sababu hakuna aliyeiripoti. Somo ni la anayetaka iondoke.

kipima_joto: Kaka, yangu hugoma kuamka mara moja kati ya tano hivi. Nitajuaje ni "good"?

Mwandishi: Hapa ndipo kazi ilipo. "Bad" ni rahisi, ikigoma mara moja basi. "Good" inahitaji subira. Kama hugoma mara 1 kati ya 5, kupita mara 10 mfululizo kwa bahati tu bado kuna uwezekano wa asilimia 11 hivi. Ukifika mara 20, unashuka hadi karibu asilimia 1. Na raundi ziko 14, kila moja na hatari yake. Usikae kufunga na kufungua kifuniko, mwachie mashine:

`for i in $(seq 20); do sudo rtcwake -m mem -s 20; sleep 15; done`

Wewe kanywe maji.

kipima_joto: Nimekuelewa. Jingine: natafuta kati ya 6.8 na 6.9, mbona uname inaniambia 6.8.0-rc2? Si ni kabla ya toleo zima?

Mwandishi: Historia ya kerneli si mstari mmoja. Msimamizi wa draiva anaanzisha tawi lake juu ya 6.8-rc2 (toleo la majaribio la 6.8), anafanya kazi humo wiki kadhaa, na linaunganishwa kwenye shina wakati wa 6.9. Namba unayoiona ni ya pale tawi lilipochipukia. Git haijapotea, endelea.

panya_wa_terminali: Nyongeza kwa wote: `git bisect log > kumbukumbu.txt` kila raundi. Ukigundua ulijibu vibaya, futa mstari huo na yaliyofuata, `git bisect reset`, halafu `git bisect replay kumbukumbu.txt`. Huanzi sifuri.

Mwandishi: Ningeijua usiku ule nisingerudia yote. Naongeza: kama hitilafu yako inaonekana ndani ya QEMU (programu ya kuiga kompyuta), andika skripti na `git bisect run` ifanye yenyewe. Skripti itoe 0 kwa zima, 1 kwa bovu, 125 kwa ruka.

mgeni_mpya: Mkuu, uname imesema ni ya distro. Nilikuwa siichagui kwenye menyu. Sasa imegoma kweli, nimeweka bad.

Mwandishi: Safi. Na zile raundi za kabla ya hii?

mgeni_mpya: ...narudia.

kipima_joto: Nimempata, revert imeponya, barua nimetuma. Folda imekula diski yote, naweza kufuta?

Mwandishi: Bado. Watakutumia kiraka ujaribu, na watataka jibu lako kwenye mstari wa Tested-by. Futa za zamani kwenye `/lib/modules` kwanza, zile zenye mkia wa g.