Kamera iliyokwishatumika ya kupigia filamu: jinsi ya kuikagua kabla hujatoa pesa

Juzi nilimsindikiza mtoto wa dada yangu, katoka Wete kuja mjini Unguja kutafuta kamera ya filamu fupi. Naandika tulivyofanya.

1. Amua modeli ukiwa nyumbani. Mie kwa pesa ndogo nasema Canon 70D ya 2013, fokasi yake inamfuata mtu akitembea bila kuhangaika, 700D ya mwaka huohuo haifiki hapo. Ukitaka 4K, yaani video kali zaidi, tafuta Panasonic GH4, na ile ina tundu la hedifoni ambalo 70D haina. Isiyo na tundu la maiki usiiguse.

2. Lenzi. Hapa tulia. Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa mpiga harusi mmoja, nje inang'ara, nikaenda nayo Forodhani jioni nikapiga taa na watu mpaka usiku, kufika nyumbani kila taa imezungukwa na wingu jeupe na weusi wote umekuwa kijivu. Nikakesha nahangaika na rangi kwenye kompyuta nikidhani setingi, kumbe lenzi imeota ukungu ndani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, kamera ikilala kabatini ndani ya mkoba masika nzima ndo hivyo.

Basi vua lenzi, mulika tochi ya simu kwa nyuma, chungulia kwa mbele huku unaiinamisha huku na huku, maana ukiitazama wima ukungu unaweza usionekane. Ni vinyuzi kama utando wa buibui, mara nyingi huanzia ukingoni. Vijidoa vilivyotawanyika ni vumbi tu, haviharibu picha. Lenzi za zamani zungusha kwanza ringi ya f, ile inayofungua na kufunga tundu la mwanga, mpaka namba ndogo kabisa, la sivyo tundu limejifunga na hutoona kitu. Utando ukiwa katikati iache hata akushushie bei vipi, fundi anaweza kuusafisha lakini ukikaa sana unakula ile rangi iliyopakwa kwenye kioo na hairudi tena. Tazama na skrubu za chini na vile vichuma vya mdomoni, pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, kutu ikionekana ujue chumvi imeshaingia.

3. Rekodi palepale. Weka mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo taa hazitopepesa. Acha dakika 20 mfululizo na maiki imechomekwa, tikisa waya, halafu sikiliza yote. 70D ikijizima kwenye dakika 29 na sekunde 59 si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa.

4. Sensa, ile sahani ndani ya kamera inayopokea picha. Weka f16, piga ukuta mweupe, kuza picha. Doa jeusi lililofifia ni vumbi, linasafishika.

5. Kuhifadhi. Kontena la kifuniko kinachobana na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, sio mkoba.

Mtoto kapata 70D, lenzi iliyokuja nayo tuliirudisha palepale maana ilikuwa na utando, lenzi nyengine ya 50mm f/1.8 tukaipata kwa mtu mwengine Mlandege. Kamera imepanda boti ya Pemba ndani ya kontena la chakula la mama yake.