King'ora cha jalidi: saketi ya kwanza ya kujifunzia kubuni

Usiku wa Juni na Julai, anga likiwa halina wingu na upepo umetulia, viazi vya Makete na miche ya bustani za Njombe huweza kuungua kwa jalidi kabla hakujapambazuka. King'ora kinachomwamsha mkulima mapema, awahi kufunika kitalu kwa nyasi, ni kazi nzuri ya kwanza kwa anayetaka kubuni vifaa vyenye maikrokontrola ndani, yaani chipu ndogo inayoendeshwa na programu. Saketi ni ndogo, lakini inakulazimisha kuamua mambo ambayo bodi ya Arduino ya dukani, yenye maikrokontrola na vipande vyake tayari, imeshakuamulia: umeme utoke wapi, chipu iende kasi gani, kila pini ilindwe vipi.

Anza na kalamu, pasi ya kulehemu isubiri. Andika kifaa kifanye nini na katika hali gani: kipime joto kila dakika 5, kilie likishuka hadi nyuzi 3, kinyamaze likipanda hadi nyuzi 5, kidumu msimu mzima bila kuguswa. Nafasi hiyo kati ya 3 na 5 ni ya lazima, la sivyo king'ora kitawaka na kuzima mfululizo joto likichezea mpakani. Hatusubiri sifuri kwa sababu katika usiku mweupe jani hupoa kuliko hewa inayolizunguka.

Kisha pakua datashiti, yaani maelezo rasmi ya mtengenezaji, za chipu mbili: maikrokontrola ATmega328P ya miguu 28 na sensa ya joto DS18B20. Usizisome kama kitabu. Tafuta jedwali la viwango visivyovukwa, jedwali la volti za kufanyia kazi, mchoro wa pini na matumizi ya mkondo. Utakuta ATmega328P inafanya kazi kuanzia volti 1.8 hadi 5.5, lakini kasi inategemea volti: kwa volti 2.7 mwisho ni megahetzi 10, na 20 zinahitaji volti 4.5. Sensa inataka volti 3.0 hadi 5.5.

Sasa hesabu ya umeme, ambayo wanaoanza huiruka. Bodi ya Arduino Uno hula kama milliampia 45 hata ikiwa haifanyi kitu, kwa hiyo betri ya milliampia-saa 2,000 haimalizi siku mbili. Ukitumia chipu tupu na AMS1117, regyuleta ya kushusha na kutuliza volti, regyuleta peke yake inakula kama milliampia 5, yaani siku 17 hivi. Chipu tupu isiyo na regyuleta, ikilala na kuamshwa na kipima muda chake cha ndani, hutumia maikroampia chache tu. Ikiamka sekunde moja kila dakika 5 na kula milliampia 5, wastani wa kuamka ni maikroampia 17. Jumlisha na za kulala, weka 25. Kwa siku ni milliampia-saa 0.6, na kwa miezi mitatu ya baridi hazifiki 60.

Hesabu hiyo inabadilisha mchoro wote. Wengi hukimbilia paneli ya sola, betri ya lithiamu na moduli ya kuichaji ya TP4056. Hapa havihitajiki, na isitoshe betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, ilhali moduli nyingi za TP4056 zimefungwa pini ya kupima joto la betri, hivyo haziwezi kujua. Betri tatu za AA za alkali, volti 4.5, zinatosha na zinaingia moja kwa moja. Mlaji mkubwa ni baza, kipande kinacholia: milliampia 30 hivi. Ipige sekunde moja katika kila tano.

Vipande ni hivi: diodi ya Schottky 1N5819 kwenye chanya ya betri, ili atakayezigeuza asiue chipu, kapasita ya maikrofaradi 47 mlangoni, kapasita mbili za nanofaradi 100, moja kati ya pini 7 na 8, nyingine kati ya 20 na 22, zikiwa karibu na chipu kadiri iwezekanavyo. Pini 20 iunganishwe na chanya hata kama hupimi analogi. Rezista ya kiloomu 10 itoke pini 1 hadi chanya. Waya wa data wa sensa uvutwe juu, yaani uunganishwe na chanya kupitia rezista ya kiloomu 4.7; kebo ikifika mita 20, shusha hadi 2.2. Baza iendeshwe na transista BC547 kupitia rezista ya kiloomu 1, na diodi 1N4148 sambamba na baza, mstari wake upande wa chanya.

Jenga kwanza kwenye bredibodi, ubao wa kuchomekea vipande bila kulehemu. Chipu mpya inatoka kiwandani ikienda megahetzi 1. Kuipeleka 8 kwa saa yake ya ndani, badili fyuzi ya chini (mpangilio wa kudumu ndani ya chipu) kutoka 0x62 kuwa 0xE2. Ukichagua saa ya kristali ya nje ambayo hukuifunga, programa, yaani kifaa cha kuingizia programu, haitaiona tena chipu mpaka uipe saa. Haijafa. Saa ya ndani pia inaweza kupotoka hadi asilimia 10, hivyo maandishi ambayo chipu inayatuma na yanachanganyikana kwenye skrini ya kompyuta si lazima yawe kosa la waya.

Sensa ikisema 85, umeisoma kabla haijamaliza kupima: inahitaji milisekunde 750. Programu ikisema -127, haioni sensa kabisa. Ihakiki kwa kikombe cha barafu inayoyeyuka na maji. Isipite nusu nyuzi kutoka sifuri. Usihakiki kwa maji yanayochemka ukitarajia 100, maana Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, yanachemka karibu na nyuzi 94.

Mchoro wa bodi uchore kwa KiCad, programu ya kompyuta ya bure. Chapisha kwa ukubwa halisi na usimamishe vipande juu ya karatasi kabla ya kukata shaba. Hapo ndipo utagundua kwamba miguu ya BC547 na ya PN2222 imepangwa kinyume. Kwa bodi ya kuchora nyumbani, njia za shaba ziwe milimita 1. Feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyotakiwa, hufanya kazi polepole mno kwenye baridi ya Njombe, kwa hiyo weka chombo cha plastiki ndani ya beseni la maji ya moto, vaa glavu, na usimwage mabaki mferejini.

Umeme wa kwanza upitishe kwenye rezista ya omu 100. Hata kukiwa na shoti, mkondo hauzidi milliampia 45. Rezista hiyohiyo ni mita yako: chipu ikilala, milivolti 1 juu yake ni maikroampia 10. Ukiona milivolti 20 au zaidi, umesahau kuzima kigeuzi cha analogi, au kuna pini inayoelea. Zikizidi milivolti 2 tu, kagua kilinda volti cha ndani ya chipu, kinachoizima volti zikishuka mno.

Sensa ikae kwenye kimo cha majani. Kasha liingize kebo kwa chini, na kebo ipinde kwanza kuelekea ardhini ili umande udondoke usifuate waya ndani. Mvua zikikaribia Novemba, ikunje kebo yote na uiweke ndani, kwa sababu mita 20 za waya shambani huokota radi za Makete.