Masta ya umeme Ujerumani ukitokea Uganda: anza na maelezo ya kozi

Wadogo zangu mliomaliza uhandisi wa umeme Makerere au Kyambogo, wengi mkinitafuta swali ni moja tu, skolashipu. Mimi nawaambia shika kwanza transkripti yako uisome vizuri.

Kule jina la digrii haliwatoshi, wanapekua kozi moja moja, hesabu umesoma kiasi gani, saketi, sumakuumeme, kontroli, na transkripti zetu zinaonyesha jina la kozi na alama basi, mtu wa mbali atajuaje mlifundishwa nini humo ndani? Kwa hiyo nenda idarani uombe maelezo ya kila kozi, yagongwe mhuri, na uyafuate ukiwa bado Kampala manake ukishapata kazi Gulu au Arua kurudi ni shida. Mimi mara ya kwanza sikuwa nayo, chuo kimoja kikanijibu mstari mmoja, hesabu hazitoshi, na hesabu nilisoma mihula minne jamani. Mwaka uliofuata nikatuma kozi zilezile pamoja na maelezo yake, kurasa 43 nilizotoa kopi Wandegeya, nikapita.

Alama nazo zinachanganya watu. Kwao 1 ndio bora na 4 ndio pasi ya mwisho. Kama CGPA yako, yaani wastani wa alama zako zote, ni ya 5 na pasi ni 2, chukua 6 utoe CGPA yako, 4.4 inakuwa 1.6, 3.5 inakuwa 2.5, na programu nyingi mlango unafungwa hapo kwenye 2.5. Ukipata namba kubwa kuliko hiyo usimwage hela za aplikesheni ovyo, uni-assist, ofisi inayokagua aplikesheni kwa niaba ya vyuo vingi, wanatoza yuro 75 kwa aplikesheni ya kwanza na 30 kwa kila inayofuata katika muhula huohuo.

Karo vyuo vingi vya serikali hawachukui, ila jimbo la Baden-Württemberg ni yuro 1,500 kwa muhula kwa sisi wa nje ya Ulaya, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nao walianza kutoza 2024. Kinachowashinda wengi ni akaunti ya viza, ya benki iliyofungwa kuonyesha una hela ya kuishi, yuro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, unafunguliwa 992 kila mwezi, ni hela yako mwenyewe lakini lazima ionekane yote kabla. Tafadhali, shamba la mzee lisiuzwe kabla barua ya chuo haijafika.

Usipokuwa na hela hiyo, fanya kazi miaka 2 kwanza, ndio DAAD, shirika la Ujerumani la skolashipu, wanaitaka kwa skolashipu yao ya EPOS ya watu wa nchi zinazoendelea, na digrii isizidi miaka 6 tangu uipate. Halafu barua yako iandike kwa ulichokigusa: bwawa la umeme la Karuma lina megawati 600 lakini transfoma ya mtaa wenu inaungua kila mvua, eleza kwa nini inaungua.

Na majina. Kama pasipoti inasema Okello John na transkripti John Okello Peter, tafuta wakili urekebishe leo, kabla ya kulipia chochote.