Kusimamia Watumiaji wa Hifadhidata na Ruhusa Zao kwa Msimbo

Ruhusa za hifadhidata zikitolewa kwa mkono, amri moja leo na nyingine mwezi ujao, hufika wakati ambapo hakuna anayeweza kueleza nani anaruhusiwa kufanya nini. Zikiandikwa katika msimbo unaotunzwa pamoja na programu, kila badiliko huonekana. Maelezo haya yanatumia PostgreSQL, mojawapo ya mifumo ya hifadhidata.

Ruhusa zipewe kundi, kisha mtumiaji aingizwe katika kundi hilo (kundi na mtumiaji wote huitwa ROLE, na SCHEMA ni fungu la majedwali, hapa mauzo):

CREATE ROLE wasomaji NOLOGIN;
GRANT USAGE ON SCHEMA mauzo TO wasomaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA mauzo TO wasomaji;
CREATE ROLE asha LOGIN;
GRANT wasomaji TO asha;

Mstari wa tatu huwaponza wengi, kwa sababu unagusa majedwali yaliyopo wakati huo tu, na jedwali litakaloundwa kesho halitasomeka. Dawa yake ni ALTER DEFAULT PRIVILEGES, amri inayopanga ruhusa za vitu vitakavyoundwa baadaye, ambayo nayo ina sharti lake: inahusu tu vitu vitakavyoundwa na mtumiaji aliyetajwa kwenye FOR ROLE, au, asipotajwa yeyote, na yule anayeendesha amri yenyewe.

Kwa kuwa CREATE ROLE haina IF NOT EXISTS (yaani “ikiwa bado haipo”), msimbo utafute kwanza jina katika pg_roles, orodha ya ROLE zote, la sivyo utakwama ukiendeshwa mara ya pili. Jina hilo pia haliwezi kupitishwa kama parameta ya kawaida (thamani inayotumwa kando na amri), na hapo ndipo wengi huunganisha maandishi ovyo na kumfungulia mlango mwenye nia mbaya. Ukitumia Python na psycopg, maktaba yake ya kuunganisha na PostgreSQL, lipitishe kwa sql.Identifier; ukiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, tumia format() yenye %I kwa majina na %L kwa thamani. Nywila isiandikwe kwenye msimbo, na ikumbukwe kwamba amri yenye nywila wazi inaweza kubaki kwenye faili za kumbukumbu (logi) za seva.

Weka amri zote ndani ya muamala mmoja (transaction), ili moja ikishindikana zote zitanguke. Usitegemee hilo kwenye MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, ambako CREATE USER na GRANT huthibitisha muamala papo hapo.

Mtumiaji anapoondoka, DROP ROLE itakataa iwapo bado anamiliki vitu au ana ruhusa alizopewa moja kwa moja. Endesha kwanza REASSIGN OWNED, inayohamishia vitu vyake kwa mwingine, kisha DROP OWNED, inayoondoa ruhusa zake, katika kila hifadhidata anakomiliki kitu au alikopewa ruhusa, ndipo umfute. Ikiwa ni jambo la dharura, ALTER ROLE asha NOLOGIN inatosha kumzuia asiingie upya, ingawa miunganisho aliyokwisha kuifungua itaendelea hadi uikate kwa pg_terminate_backend.