Kuzima nyuzi kwa mkono wa kulia kwenye gitaa la kulaza mapajani

Kijana mmoja wa kwaya hapa Dodoma aliniletea gitaa lake, nyuzi zimeshainuliwa ili alipige kwa chuma, yaani kipande cha chuma kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto na kuteleza juu ya nyuzi. Mkono wake wa kushoto ni mzuri, sauti haiyumbi. Tatizo ni kwamba kila akihama, nyuzi alizopiga mwanzo zinaendelea kulia na kuteleza pamoja na chuma. Kwenye ilimba ya Kigogo, ala ya vyuma vinavyodonolewa kwa gumba, tunafurahia vyuma visivyoguswa vikiitikia. Huku, usipozima unapata vurugu.

Hatua ya 1. Tyuni D: kuanzia uzi mnene ni D A D F♯ A D. Ukitoka kwenye tyuni ya kawaida (E A D G B E) hukazi uzi wowote, unalegeza tu. Ondoa mwangwi wote kwenye amplifaya, maana unaficha uchafu unaotaka kuusikia.

Hatua ya 2. Vaa kucha za bandia za kudonolea: plastiki kwenye gumba, chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati.

Hatua ya 3. Kiganja. Hapa usiwe na haraka. Kunja kidole cha pete na cha mwisho, kisha laza ukingo wa kiganja, ule wa upande wa kidole cha mwisho, juu ya nyuzi zote. Usikandamize, uzito wa mkono unatosha. Sasa donoa uzi mmoja: kucha zinapojikunja kuvuta, kiganja kinainuka kidogo sana. Uzi ulie, halafu kiganja kirudi. Ni mwendo wa kifundo cha mkono, bega na kiwiko vitulie.

Mpangilio ndio kila kitu: kiganja kizime kwanza, ndipo kucha zitue kwenye nyuzi kwa ajili ya noti inayofuata. Kucha ya chuma ikigusa uzi ambao bado unatetemeka, utasikia mkwaruzo, na watu wengi wanalaumu kucha bure.

Ukisikia “do” butu badala ya kimya, umekaa karibu mno na daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa), sogea mbele kuelekea chuma. Ukisikia mlio mwembamba kama kengele, kiganja kimegusa pale uzi unapojigawa, kwa mfano nusu ya urefu kati ya chuma na daraja. Sehemu hizo zinahama kila chuma kinapohama, kwa hiyo usitafute mahali pamoja pa kudumu. Tandaza nyama ya kiganja iguse eneo pana zaidi.

Fanya polepole, noti moja kimya kimoja, na kimya kiwe kirefu sawa na noti. Kwa wiki za kwanza sikushauri kupiga wimbo wowote.

Hatua ya 4. Vidole vya kushoto vilivyo nyuma ya chuma vilale juu ya nyuzi.

Hatua ya 5. Kwa noti za haraka, rudisha kucha ileile kwenye uzi ulioupiga wakati kidole kingine kinapiga uzi mwingine. Inakata kwa ukali, ndiyo maana kwa tenzi za taratibu nabaki na kiganja.