Kabla hujasafisha mkanda Mtwara

Mkanda wa picha, yaani filamu, utie kwenye tangi la kusafishia gizani, giza totoro. Taa nyekundu ni ya karatasi, si ya filamu. Kigurudumu cha kuviringishia filamu kiwe kikavu, la sivyo filamu inanata katikati. Kama unatumia mfuko mweusi wa kuingizia mikono badala ya chumba cha giza, fanya usiku. Mchana wa kaskazi jasho la mikono litakushinda. Fiksa, dawa ya kuidumisha picha, ijaribu kwanza kwa kipande cha ncha ya mkanda: kisipogeuka kuwa kama kioo mapema, tengeneza nyingine.

Sasa joto. Maelekezo ya dawa husema nyuzi 20, nasi huku maji ya bomba yanatoka vuguvugu.

Kijana mmoja wa Shangani alipanda Newala kumpiga picha bibi yake mwenye ndonya, lile pambo la Kimakonde la mdomo wa juu. Wenye ndonya wamebaki wachache, wote wazee. Aliporudi akapoza developa, dawa ya kuitoa picha, kwa barafu ya wauza samaki hadi 20 barabara. Fiksa hakuigusa, na maji ya kusuuzia akayafungulia kutoka simtanki lililoshinda juani. Aliniletea mkanda niutazame. Niliuinua dirishani: ndonya ipo, macho yapo, lakini uso mzima umejaa mikunjo midogo midogo kama wavu wa dagaa. Picha hukaa ndani ya gelatini, na gelatini iliyolowa ikitolewa kwenye baridi ikatupwa kwenye joto huvimba ghafla na kujikunja. Ikishajikunja, basi. Hakuna dawa ya kuinyoosha.

Kwa hiyo usiing'ang'anie 20. Fanya kazi kwa 24, na punguza muda: filamu ya HP5 Plus kwenye developa ya ID-11 isiyozimuliwa, dakika 7 na nusu za nyuzi 20 zinakuwa 5 na kidogo. Chini ya 5 usishuke, picha itatoka na mabaka. Developa, fiksa na maji ya kusuuzia, vyote vikae beseni moja mpaka kipimajoto kisome sawa kotekote. Barafu ifunge kwenye mfuko, ielee nje ya chupa. Ikiingia kwenye dawa inaizimua. Maji ya kuoshea yachote usiku, ndoo nzima, uyafunike.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyochujwa. Feni usiwashe mkanda ukiwa mbichi, vumbi litaganda. Negativu zikikauka zitie kwenye chombo kisichopitisha hewa, ukungu wa pwani haukawii kuota. Na dawa usiweke kwenye chupa za soda, hata ukiandika jina. Watoto wadogo hawasomi.